Namna ya kuchora katuni ya kurasa 24 ndani ya masaa 24 (kutoka kwa mtu aliyechemka mara mbili)

Mara ya kwanza nilipojaribu hii kitu niliishia ukurasa wa 9. Mara ya pili nikaishia wa 15. Mara ya tatu ndo nikamaliza zote 24, zilikuwa zimebaki kama dakika 20 hivi, na kiukweli mkono wangu ulikuwa haujaongezeka spidi hata kidogo, nachora polepole vilevile kama zamani. Kilichobadilika ni vile vitu nilivyoamua kutovichora. Kwa hiyo sehemu kubwa ya huu mwongozo inahusu hivyo, nini cha kuacha na ukiache mapema kiasi gani, maana kuchora kwenyewe kila mtu ana mkono wake na hapa siwezi kukufundisha.

Kwa asiyejua: hii changamoto ilianzishwa na Scott McCloud, mchora katuni wa Marekani, mwaka 1990, alikuwa anamchokoza rafiki yake Steve Bissette, mchoraji ambaye kurasa zake zilikuwa zinachukua muda mrefu mpaka ziishe. Masharti ni machache. Kurasa 24, masaa 24 mfululizo, na ukilala saa inaendelea kukuhesabia tu. Hadithi huruhusiwi kuipanga kabla, wala skechi, wala mpangilio wa kurasa. Unachoruhusiwa kuandaa ni vifaa na picha za kuangalizia. Saizi ya karatasi ni uamuzi wako. Wanaochora za kuskroli kwenye skrini wao wanatakiwa fremu 100 (fremu ni kile kiboksi kimoja cha picha) badala ya kurasa. Tangu 2004 kuna siku maalum ya mwaka ambayo watu wa sehemu mbalimbali duniani wanafanya kwa pamoja, Nat Gertler ndo aliianzisha, ila huna haja ya kuisubiri, siku yoyote jifungie ndani uanze.

Hatua ya 1: piga hesabu kabla ya kupiga mstari

Watu wanasema kurasa 24 masaa 24 basi ukurasa lisaa. Hapana. Toa lisaa moja la kutafuta hadithi, toa masaa mawili ya kula, kwenda chooni, kujinyoosha na kakipande ka usingizi. Umebaki na masaa 21, yaani dakika 1,260, gawa kwa 24 unapata dakika 52 na kidogo. Sasa ukiweka fremu 4 kwa ukurasa una fremu 96, kila moja dakika 13. Ukijifanya fundi ukaweka fremu 6 una fremu 144 na kila moja haifikishi dakika 9, na hapo ndani kuna penseli, maneno, wino na kufuta. Mimi mara ya kwanza ukurasa wangu wa kwanza ulikuwa na fremu 8 na mvua. Mvua jamani. Nilimaliza ule ukurasa baada ya masaa mawili na nusu, ni mzuri mpaka leo naujivunia, na ndo ulioniua.

Mgawanyo wangu wa sasa hivi kwa ukurasa: penseli dakika 15, maneno 5, wino 25, kujaza nyeusi na kufuta 5. Jumla 50. Hizo dakika mbili zinazobaki ni za kutafuta raba iliyodondoka chini ya meza.

Hatua ya 2: punguza karatasi

Hii ni rahisi mno na sijui kwanini sikuijua mapema. Chora kwenye A5, achana na A4. A5 ni nusu ya A4, kwa hiyo ni nusu ya eneo la kujaza, nusu ya anga, nusu ya ukuta, nusu ya nywele. Kwenye karatasi kubwa mkono unaona nafasi wazi unaanza kuongeza matofali. Kwenye ndogo hamna pa kuyaweka.

Kalamu nazo chagua mbili tu, moja nyembamba ya maneno na mistari midogo, moja nene au brashi ya kila kitu kingine, plus maka pen ya kujazia nyeusi. Zijaribu siku moja kabla kwenye karatasi ileile utakayotumia, angalia wino unakauka baada ya muda gani, na je ukipitisha raba juu yake unapauka? Kuna wino ukifutia penseli juu yake unabaki kijivu, sasa ugundue hilo uko ukurasa wa 4 uone raha yake.

Kwa wa tableti: brashi mbili hizohizo, usivute picha ikawa kubwa kupita saizi yake halisi (ukivuta tu utaanza kurekebisha kope za jicho ambazo hamna mtu atakayeziona), na kile kitufe cha kurudisha nyuma jipangie kabisa, ukiufuta mstari mara mbili basi wa tatu unabaki ulivyo. Mafaili yape majina kuanzia 01, 02, mpaka 24, maana ukiandika 1, 2, 3 kompyuta nyingine zitaupanga ukurasa wa 10 kabla ya wa 2.

Hatua ya 3: hadithi ya lisaa limoja

Saa imeanza, umekaa, karatasi nyeupe, kichwa cheupe zaidi. Njia yangu ni vikaratasi vitatu: mtu, kitu, tatizo. Andika mtu yeyote, kitu chochote cha kushikika mkononi au cha kusukumwa, na tatizo dogo. Dogo! Ukianza na vita vya falme mbili utahitaji majeshi, na majeshi yana miguu mingi. Mimi mara ya tatu niliandika: kijana, baiskeli, amechelewa kuirudisha. Ikawa hadithi ya kijana aliyeazima baiskeli ya mzee fulani na anatakiwa airudishe kabla ya giza.

Halafu chukua karatasi moja, ichore viboksi 24 vidogo saizi ya stempu, na ndani ya kila kimoja weka watu wa vijiti na neno moja la nini kinatokea. Usijaze vyote kwa ukamilifu. Jaza vizuri nane vya kwanza, kile cha 24, na kimoja cha katikati mambo yanapogeuka. Vingine viache na alama ya kuuliza, utavijaza ukiwa safarini, tena ni bora hivyo kwasababu utakuja kuona hapo chini jinsi hadithi inavyobadilika kwa sababu za uvivu.

Hatua ya 4: wahusika wanaochoreka

Hapa nikae kidogo, ndo penye maumivu.

Yule kijana nilimvalisha shati la drafti. Nikampa na baiskeli. Hebu fikiria hiyo kwa dakika moja. Kila fremu aliyopo ni mistari ya kwenda juu, mistari ya kwenda pembeni, afu mikunjo ya nguo inavuruga mistari yote, afu chini yake magurudumu mawili ya duara, ambayo ukiyaangalia kwa pembeni sio duara tena ni yai, afu spoku, mnyororo, pedeli, na mguu uliokaa kwenye pedeli kwa namna ambayo goti lisionekane kama limevunjika. Kufika ukurasa wa 5 nilikuwa nimeshachora hiyo baiskeli mara 14 na nilikuwa nyuma ya ratiba kwa lisaa na nusu. Nikawaza hapa nachemka tena, mara ya tatu.

Nilichofanya: ukurasa wa 6 baiskeli ikapata pancha. Kijana akaiegemeza ukutani, akaenda kutafuta mtu wa kuiziba, kwa miguu. Shati nalo ukurasa huohuo likachanika kwenye msumari akalivua, akabaki na fulana nyeupe. Ukurasa wa 8 anarudi, baiskeli haipo. Na sikia, hapo ndo hadithi ikaanza kuwa na maana! Mwanzo ilikuwa ni mtu anaendesha baiskeli tu. Sasa ni mtu aliyepoteza baiskeli ya watu na giza linaingia.

Kwa hiyo kanuni zangu: wahusika wasizidi watatu. Kila mmoja atambulike hata ukimjaza nyeusi tii kama kivuli, mmoja ana kofia, mwingine mfupi mnene, mwingine nywele zimesimama. Nguo zisiwe na maua, drafti, vifungo vingi wala mifuko. Kabla hujaanza ukurasa wa kwanza mchore kila mhusika mara tano, dakika moja kila mara, na kile kinachokuchelewesha mnyang'anye hapohapo. Magari, farasi, baiskeli, ngazi za kuzunguka, gitaa, mikono miwili iliyoshikana vidole: visikae zaidi ya fremu moja mbili kama hujazoea kuvichora ukiwa umefumba macho.

Hatua ya 5: maneno kwanza, picha baadaye

Ukishaweka mistari ya fremu, andika maneno kabla hujachora hata pua. Sababu mbili. Moja, puto la maneno (kile kiduara chenye mkia kinachobeba anachosema mhusika) linafunika robo ya fremu na ile robo hutoichora, umeokoa muda. Pili, ukichora kwanza utakuta hakuna nafasi, unaanza kubana herufi pembeni mpaka zinaonekana kama mchwa. Anayeongea kwanza muweke kushoto, puto lake liwe juu. Ukimweka kulia mikia ya maputo inapishana kama waya za umeme na msomaji anasoma jibu kabla ya swali.

Halafu Kiswahili chetu kina mambo yake. Maneno ni marefu. "Nilikuambia usinifuate" ni maneno mawili tu ila ni herufi 21, na ukiwa na puto jembamba lazima ukate neno katikati, "usini-" halafu "fuate", inakera kusoma. Yale mafundisho ya wenzetu kwamba puto linabeba maneno 25 mimi nimeyaacha, kwa Kiswahili naishia 12, ikizidi sana 15, na napendelea puto pana kuliko refu. Herufi zisipungue milimita 3 kwenye A5, kama unatumia A4 na baadae utaipunguza iwe A5 basi ziandike milimita 4 na robo hivi maana zitarudi kwenye 3.

Lakini lugha hiyohiyo inatuokoa kwengine, tuna milio ya kila aina. Mtu kaanguka mtoni? Usichore anavyoanguka, chora maji yana duara tatu na CHUBWI! kubwa juu yake. Ugomvi wa watu wawili ni kazi ya ukurasa mzima kama utachora kila ngumi, ila fremu moja nyeusi imeandikwa KUKURU KAKARA kwa herufi nyeupe zilizopinda, na kiatu kimoja kinaruka pembeni, imetosha kabisa. Mimi hiyo fremu ilinichukua dakika 6 na ndo wengi waliicheka.

Hatua ya 6: fremu za bei nafuu

Kuwa nazo kichwani kabla. Kivuli cha mtu kwenye mlango. Macho tu. Mkono umeshika kitu. Chumba kitupu kinatoa sauti. Fremu ileile umerudia mara tatu ila mdomo ndo unabadilika. Nyumba kwa mbali usiku, dirisha moja lina mwanga, maputo mawili yanatoka ndani, hapo watu wanaweza kuongea ukurasa mzima hujachora sura hata moja. Wally Wood, mmarekani mwingine wa katuni za zamani, alikuwa na mkusanyiko wake wa fremu 22 za namna hii za kutumia pale watu wanapoongea tu hakuna kinachotokea, na nilipouona nikajisikia nafuu, kumbe hata manguli wanakwepa.

Ila usiwe mchoyo kila mahali. Chagua kurasa mbili utakazotumia masaa mawili kwa ujumla, ule wa kugeuka kwa hadithi na wa mwisho. Zingine ndo zilipie muda wa hizo mbili. Na bakgraundi chora kwenye fremu ya kwanza ya kila sehemu mpya tu, msomaji akishajua tuko jikoni anakumbuka, huna haja ya kumchorea masufuria kila mara.

Hatua ya 7: nenda kwa mafungu ya nne nne

Hapa ndo nilikosea mara ya pili. Nilipiga penseli kurasa zote 24 kwanza, nikajiona mjanja sana, masaa 14 yalikuwa yameenda na sina ukurasa hata mmoja uliokamilika, afu nikaanza wino nimechoka. Ndo maana nikaishia 15. Na kumaliza ukurasa mmoja mmoja nako kunachelewesha, kila saa unabadilisha kalamu, unasubiri wino ukauke umeukodolea macho.

Kurasa nne: mistari ya fremu zote nne, maneno yote, penseli zote, wino zote. Ukimaliza wino wa ule wa nne, wa kwanza umeshakauka, unafuta. Halafu unapumzika dakika kumi, unasimama, unaangalia mbali nje dirishani. Mafungu sita umemaliza kazi. Baada ya fungu la pili mimi nachora kabisa ukurasa wa 24, ule wa mwisho, nikiwa bado nina nguvu. Huo ukurasa ukishakuwepo unajua unaelekea wapi, na hata ukiishiwa muda unaweza kuruka kurasa mbili tatu hapo kati lakini hadithi ina mkia.

Kurasa zilizokamilika weka mbali na mkono! Kanda ya kunatia, uzi na vibanio, chochote, mradi zisiwe mezani. Ukurasa wangu wa 11 niliuburuzia mkono wa shati wino haujakauka, ikatokea michirizi kama mkia wa kimondo kupita usoni kwa mhusika. Sikuurudia. Nilichora mbalamwezi juu yake nikafanya ni usiku. Giza, majani, moshi, kivuli, hizo ndo dawa za kufichia, kurudia ukurasa upya ni dakika 52 ambazo huna.

Hatua ya 8: saa tisa usiku

Kama ulianza saa tatu asubuhi, ikifika saa tisa usiku uko kwenye saa la 18 na hapo ndo mahali pabaya pa safari nzima. Kila kitu unachokichora kinaonekana kibaya, hadithi inaonekana ya kijinga, unaanza kuwaza kuanza upya. USIANZE UPYA. Saa hizo usiandike maneno wala usiamue chochote kuhusu hadithi. Bakiza kazi za mkono tu, kupiga mistari ya fremu, kujaza nyeusi, kufuta penseli. Lala dakika 20 kwa alarm mbili, moja iwe mbali na kitanda, mimi sijawahi kulala dakika 20 kwa alarm moja.

Kifundo cha mkono kikianza kuwaka acha kuchora kwa vidole, mistari mirefu ivute kutoka begani. Kikiendelea kuuma simama, kweli simama, hii ni katuni tu, mkono ndo unaohitaji kesho.

Muda ukiisha hujamaliza

Kuna njia mbili zinazokubalika na zote zina majina. Neil Gaiman, mwandishi wa Uingereza, alifika masaa 24 hajamaliza kurasa akaweka kalamu chini, ikaitwa staili ya Gaiman. Kevin Eastman, mmoja wa wale wawili waliobuni Teenage Mutant Ninja Turtles, yeye alipitiliza muda mpaka kurasa 24 zikaisha, nayo ikabeba jina lake. Zote wanaziita kushindwa kwa heshima. Chagua kulingana na macho yako yanavyojisikia.

Kama masaa 24 huna

Wengi hawana, kazi, watoto. Chukua A4 moja, ikunje mara tatu, ikunjue, kata mkato mmoja pale katikati, ukiikunja tena inakuwa kijitabu cha kurasa 8, kila ukurasa milimita 74 kwa 105. Jipe lisaa limoja, fremu moja kwa ukurasa. Kunja kwanza ndo uandike namba za kurasa, afu ifungue uchore, maana ikishakunjuliwa nusu ya kurasa zinakaa kichwa chini miguu juu na utachanganyikiwa. Nilifanya hivi vijitabu kama kumi kabla ya ile mara ya tatu na naamini vilinisaidia kuliko mazoezi yoyote ya kuchora mikono na mifupa.

Ukimaliza

Lala kwanza. Ukiamka skani, nyeusi na nyeupe tupu iweke 600 dpi (nukta kwa kila inchi), kama kuna kijivu 300 inatosha. Kama huna skana piga picha kwa simu karibu na dirisha mchana, simu iwe juu sambamba na karatasi, taa ya dari itakutupia kivuli cha kichwa chako mwenyewe. Sahihisha makosa ya tahajia tu. Vidole sita kwenye ukurasa wa 19 viache, mimi nimeviacha.

Na ile baiskeli? Kijana anafika kwa mzee usiku, kwa miguu, hana baiskeli hana shati, ameshaandaa maelezo marefu, mlango unafunguliwa na baiskeli iko pale ndani. Mzee alipita njiani akaiona imeegemea ukuta, ni ya kwake, akaichukua akaisukuma mpaka nyumbani. Ukurasa wa 24, ilibidi niichore tena mara moja ya mwisho. Nikaificha nyuma ya mlango, linaonekana gurudumu moja tu, nusu, na spoku saba.